Isale Mlangoni pa Kasmir

Candida Mallya aliitwa mwizi wa kazi ya mikono yake mwenyewe. Aliitwa hivyo mchana kweupe, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Jumamosi ya kwanza ya Agosti mwaka 1994, mbele ya wanawake wenzake zaidi ya thelathini. Aliyemwita hakupandisha hata sauti, kwa maana watu waliozoea kuaminiwa hawana haja ya kupiga kelele.

Yalikuwa maonyesho ya kazi za mikono za wanawake. Candida alikuwa amepanga mezani vitambaa kumi na vinane alivyovichapa mwenyewe, kila kimoja kimenyooshwa kwa pasi ya mkaa na kukunjwa mara nne. Mwandalizi, mwanamke kijana mwenye kadi kifuani na soda baridi mkononi, alipita, akasimama, akainua kitambaa cha juu kwa ncha za vidole viwili.

"Mama, hizi tunazijua. Zimejaa mitaani, zinatoka nje. Hapa tunataka ubunifu, siyo kuigiza."

"Dada yangu, mimi ndiye niliye—"

"Wote mnasema hivyo hivyo. Tuseme ukweli, huu ni wizi. Naomba uondoe vitu vyako, kuna mwenzako anasubiri meza."

Wanawake wa meza za jirani, ambao asubuhi ile walikuwa wamekunywa chai ya chupa yake, waligeuka kutazama vikapu vyao kana kwamba vilikuwa vimeanza kusema. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Candida alifunga mzigo wake, akauweka kichwani, akatoka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na hajawahi kuchukua hata kijiko kisicho chake.

Ili dhuluma hii ieleweke, lazima kwanza ieleweke bamia.

Candida, ambaye wateja walimwita Mama Vicky kwa jina la binti yake, alikuwa akipika katika kibaraza kimoja cha Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, tangu mwaka 1985: mtori wa ndizi asubuhi, wali na mboga mchana. Mumewe, Hillary, alikuwa fundi wa kuchapa nguo katika kiwanda kimojawapo cha vile vilivyofungwa kimoja baada ya kingine milango ya nchi ilipofunguliwa na mitumba ikaingia kama mafuriko. Kiwanda hakikumwachia Hillary kitu cha maana. Alichoondoka nacho ni elimu ya kuifanya rangi ishike: namna ya kuikoroga na uji wa muhogo ili isitambae, namna ya kuipa nguo chumvi na mvuke. Elimu hiyo alimfundisha mkewe jikoni, kama mtu anayekabidhi funguo, na mwaka 1992 akafa.

Siku moja kipande cha bamia kilimponyoka Candida kikaangukia manjano, kutoka hapo kikaangukia aproni. Kilipoondolewa, kiliacha nyota yenye pembe tano, nadhifu kuliko yoyote ambayo mkono ungeweza kuchora. Mwingine angeifua aproni. Candida alikata bamia ya pili.

Tangu siku hiyo jiko lake halikuwa tena jiko tu. Kitunguu kilikuwa mizunguko ya maji yaliyotupiwa jiwe. Kikonyo cha jani la mgomba, ambacho malori ya ndizi kutoka Kilimanjaro yalikishusha kama takataka, kilipokatwa kilionyesha madirisha madogo madogo, safu juu ya safu, kama ghorofa isiyo na wapangaji. Kila adhuhuri, wateja walipopungua, Candida alitandaza bafta nyeupe juu ya benchi na kuanza kupiga mihuri. Hakukuwa na nyota mbili zilizofanana, kwa sababu hakuna bamia mbili zinazofanana, na katika hilo alijivunia kimyakimya.

Mpangilio alijifunza kwa Lalita, muuza rangi na nyuzi mwenye duka upande wa pili wa Mnazi Mmoja, ambaye kwa jina la mwanawe watu walimwita Mama Harsh. Kila asubuhi Lalita aliinama kizingitini na kudondosha unga wa mchele: kwanza nukta, safu kwa safu, kisha mistari ya kuzizunguka, hadi ua zima likachanua sakafuni. Kufikia saa nne miguu ya wachukuzi ilikuwa imelifuta.

"Mama Harsh, wanakukanyagia kazi," Candida alimwambia mara ya kwanza, kwa uchungu wa kweli.

"Wacha wakanyage. Kesho nitachora tena. Unachoogopa kikanyagwe, kifungie kabatini kioze."

Candida alichukizwa na jibu hilo kwa wiki nzima. Lakini nukta alizichukua.

Mwisho, Kasmir. Huyu alikuwa mtu wa Kibosho, Kilimanjaro, kama Candida, mfanyabiashara wa nguo za jumla, mwenye duka la kona lililotazamana na kibaraza chake, lenye mlango mmoja Mchikichi na ukuta mrefu upande wa mtaa wa pembeni. Kwa miaka minane alikunywa mtori kwenye benchi la Candida na kumwita dada wa nyumbani. Novemba 1993 alikuta kitambaa kirefu kikikauka kambani, akakipapasa ukingo.

"Dada, nikatie kipande nikamwonyeshe tajiri mmoja. Anaweza kukuagizia vingi ukashindwa mwenyewe."

Candida alisita. Kitambaa kile hakikuwa kizuri. Bamia za wiki ile zilikuwa zimenyeshewa, na moja aliyoitumia ilikuwa na tundu la funza. Alikuwa na haraka, wateja walikuwa wanaingia, akaipiga hivyo hivyo, mara moja ncha hii na mara moja ncha ile. Lakini mtu wa nyumbani akiomba, unampa. Alikikata kitambaa katikati. Nusu moja alimpa Kasmir. Nusu ya pili alimpelekea Lalita wiki hiyo hiyo, iwe zawadi ya Diwali.

Baada ya mwezi Kasmir alisema tajiri hakupendezwa. Kisha akaacha kunywa mtori. Candida alidhani anaumwa tumbo, akamwombea.

Hakuwa anaumwa tumbo. Julai 1994 kontena lake lilitoka bandarini, na marobota hayakupita dukani kwake hata kidogo. Yalikwenda moja kwa moja kwa wachuuzi wa Mtaa wa Kongo, mbali na macho ya mwanamke aliyekuwa ameinamia masufuria tangu alfajiri. Ndani ya wiki tatu mitaa ilikuwa imejaa nyota za bamia, laini, za kung'aa, za bei ya kutupa. Hivyo ndivyo mwenye mali alivyofika maonyeshoni akiwa mwizi, na mwizi akabaki dukani akiwa mfanyabiashara.

Siku ile ya aibu, akitoka Mnazi Mmoja, Candida alimkuta mchuuzi ametundika vitambaa hivyo begani. Alinunua kimoja, akavuka barabara, akakitupa juu ya kaunta ya Lalita.

"Nimefukuzwa kwa sababu ya hiki."

Lalita alivaa miwani. Hakusema pole, hakuwa mwanamke wa pole. Alipitisha ukucha juu ya nguo, nyota kwa nyota, kama anayetafuta chawa.

"Hii imeng'oka jino," alisema.

"Ipi?"

"Hii. Na hii hapa. Na ile. Kila baada ya shubiri moja, nyota moja pembe yake imeliwa."

Aliingia nyuma ya duka, akarudi na kitambaa alichokuwa akitandika chini ya mzani wa rangi tangu Diwali. Akakilaza kando ya kile kipya. Kwenye nusu ile, mahali pamoja tu, ilikuwepo nyota ya bamia yenye funza, pembe moja imeliwa hadi katikati, na kando yake doa dogo kama koma lililoachwa na tundu. Kwenye kitambaa cha kiwandani ilikuwepo hiyo hiyo, na doa lake, mara ishirini, mara thelathini. Mashine haijui kuona haya. Ilipewa kosa, ikalizaa.

Lalita alivua miwani.

"Wameiba mpaka funza, dada."

Jumatatu, kabla chungu cha pili hakijachemka, Candida alivuka mtaa. Duka la Kasmir lilikuwa na wanunuzi kutoka mikoani, wanaume wenye daftari. Kasmir alifungua mikono.

"Karibu, dada wa nyumbani! Umeadimika."

"Mimi sijaadimika. Nipo hatua kumi na mbili kutoka mlango wako." Akatandaza vitambaa viwili juu ya kaunta. "Hiki ni chako?"

"Ni mali. Unataka jumla au rejareja?"

Wanaume wenye daftari walicheka.

"Nataka unionyeshe aliyekichora."

"Aah, Mama Vicky!" Kasmir aligeukia wageni wake kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mgonjwa. "Kwani bamia umeiumba wewe? Kama ni ya Mungu, mwambie Mungu aje anishtaki. Hizi ni zama za ruksa, mama. Mwenye kontena ndiye mwenye mchoro."

"Na funza? Naye umemwagiza nje?"

"Funza gani?"

"Tazama vizuri. Umeuza funza wangu kutoka hapa hadi Mwanza na hata hukumjua."

Kasmir alitazama. Ilikuwa dhahiri kwamba hajawahi kukitazama kitambaa kile. Alikuwa amekihesabu tu. Shingo yake ilibadilika rangi.

"Ni mtindo," alisema. "Wachoraji wa kule wana mitindo yao."

"Basi mtindo wao ni kuoza. Baki na marobota yako, Kasmir. Mimi nataka jina langu. Sema mbele ya watu kwamba mchoro ni wangu."

"Niende kusema nini, na kwa nani? Rudi kwenye masufuria, dada, mtori unaungua."

Alirudi. Lakini tangu siku hiyo kamba ya kibaraza chake haikukosa vitambaa viwili, nusu ya Lalita na kile cha nje, vikining'inia bega kwa bega. Kwa kila aliyeuliza, Candida alichagua bamia yenye tundu kutoka kapuni, akaikata, akaichovya, akaipiga mbele ya macho yake. Wachukuzi wa bandarini walikuja kuona. Wengine walikuja kudhihaki.

"Mama Vicky, tupe mtori kwanza, kesi tutaisikiliza tukishiba."

"Utashiba na utasikiliza. Kaa."

Ilikuwa miezi minne ya chuki isiyopoa. Wateja wa Kasmir walimwita kichaa wa bamia. Mwenye nyumba alimshauri apunguze maneno. Hata watu wa nyumbani, wale wa chama cha kuzikana ambao walijua ukweli, walinong'ona kwamba mwanamke mwenye busara humalizia mambo ndani. Ndani ya wapi? Mambo hayakuwa yametendwa ndani.

Kisha Desemba ikaingia, na Desemba ndiyo iliyomshika Kasmir. Mchagga aliyefanikiwa mjini hupanda Kilimanjaro kwa Krismasi, asipopanda, huulizwa. Na shangazi yake Kasmir, Agnesi, bibi wa miaka sabini aliyeishi Ilala na kuogopwa hadi Kibosho, alikuwa ametoa kauli: mbuzi wa ukoo hatachinjwa kwa mtu anayebeba ugomvi wa mwanamke wa nyumbani mgongoni. Yeye Agnesi hatakaa kikao hicho. Na Agnesi asipokaa, wengi hawakai.

Kasmir hakufikiria kurudisha alichochukua. Alifikiria isale. Kila aliyezaliwa mlimani analijua jani hilo, refu, la kijani, lipandwalo mipakani na makaburini. Ukifungiwa fundo jani la isale na kuletewa, huna ruhusa ya kukataa msamaha, hata kama moyo unawaka. Mtu huyu aliyevunja sheria zote alikumbuka moja, ile iliyomfaa. Kwa jani moja, bila kutaja neno, angefunga mdomo wa Candida kwa kufuli ya mababu.

Lakini Kasmir hajawahi kununua kitu kimoja kimoja. Jani lilitosha, yeye aliagiza kwa basi kutoka Moshi kichwa kizima cha isale, na shina lake refu kama mkono, majani yameenea kama mwavuli, moja katikati limefungwa fundo. Tarehe 10 Desemba, saa saba mchana, kibaraza kikiwa kimejaa walaji, alivuka mtaa akiwa amevaa koti, na Shangazi Agnesi nyuma yake akijikokota kwa fimbo.

Candida aliliona isale kabla hajamwona mtu. Alijua mara moja lililokuja kufanywa, na hasira ikampanda hadi masikio yakavuma.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushuhudia tu. Sikuja kusema."

Kasmir alinyoosha shina, akaanza kunong'ona kwa Kichagga, haraka haraka, kama mtu anayesali kabla ya kula. Candida aliweka mikono nyuma.

"Anakataa," Kasmir alimwambia shangazi yake, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Sikatai. Nani kasema nakataa? Lakini hakuna aombaye msamaha kwa jambo lisilo na jina. Sema ulichokosa. Na useme kwa Kiswahili."

"Kiswahili cha nini? Haya ni ya nyumbani."

"Kitambaa hukukiuza nyumbani. Umekiuza Kariakoo. Waambie Kariakoo."

Vijiko vilisimama. Kasmir alimtazama shangazi yake. Agnesi alikuwa akitazama fimbo yake. Shina lilikuwa zito mkononi mwa Kasmir, na mwenye kulileta hawezi kulishusha chini kabla halijapokelewa.

"Sema, baba," alisema Agnesi hatimaye. "Watu chakula kinawapolea."

"Nilichukua kitambaa..."

"Hatusikii huku nyuma, mzee!" alipaza sauti mchukuzi mmoja.

"Nilichukua mchoro wa Mama Vicky nikaupeleka nje, nikauchapisha bila kumwambia. Mchoro ni wake. Ni wake."

"Na mwizi ni nani?" aliuliza Candida.

Kasmir alimgeukia tena shangazi yake.

"Hapo pametosha," alisema Agnesi. "Isale halimvui mtu nguo."

Candida alitaka neno hilo. Alilitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, litoke katika kinywa kile kile, mbele ya watu wale wale. Lakini bibi alikuwa amesema, na desturi ni ya wote au si ya mtu. Alinyoosha mikono yote miwili, akalipokea shina.

"Nimekusamehe," alisema. "Nimesikia na wamesikia. Ukitaka mtori, foleni inaanzia kule."

Kosa la Kasmir lilijulikana jioni ile ile. Jani hunyauka baada ya siku mbili, na maneno yaliyosemwa juu yake hunyauka nalo. Lakini shina la isale, hata likikatwa na kusafirishwa na kusahauliwa juani, likikutana na udongo huota. Candida alijaza udongo katika debe la mafuta ya kupikia, akalipanda, akaliweka ukingoni mwa kibaraza, likitazamana uso kwa uso na mlango wa duka la kona. Ndani ya mwezi lilikuwa limetoa jani jipya. Na kila mgeni aliyeuliza, "Mama, hili ua gani?" alipewa habari yote, pamoja na mtori, tangu bamia hadi fundo.

Januari Kasmir alivuka tena, safari hii bila koti.

"Dada, si tumeshapatana?"

"Tumepatana. Ndiyo maana nalimwagilia maji."

"Basi lisogeze hata huko ndani."

"Ling'oe wewe."

Hakuweza, na wote wawili walijua hivyo. Isale likishapandwa ni mpaka, na mtoto wa Kibosho hang'oi mpaka mbele ya watu, wala mafichoni.

Kwa kulitazama kila asubuhi, akikoroga chungu, Candida alipata mchoro wake mwingine: jani refu lililofungwa fundo, likijirudia kwenye pindo zote nne, katikati nyota za bamia. Alikata muhuri wake kwenye kiazi, akaharibu viazi kumi na kimoja kabla fundo halijakaa sawa. Cha kwanza alimpelekea Lalita, aliyekishika kwa mikono miwili na kukitafutia dosari kwa muda mrefu.

"Hakina funza," alisema kwa masikitiko. "Hiki wataiba, na utawashikaje?"

"Waibe. Wakilichapa fundo hili marobota mia, kila Mchagga atakayeliona atajua wamekuja kuomba msamaha."

Agosti 1995 maonyesho yalirudi Mnazi Mmoja. Mmoja wa waandalizi alikuwa amekula kwenye kibaraza cha Mchikichi, akasikia, akaandika jina. Candida alipewa meza namba saba, na juu yake kadi iliyochapwa: Candida Mallya, mbunifu. Yule aliyemfukuza alipita akamsalimia kama watu wasiowahi kuonana. Hakuomba radhi. Maofisa hawana isale.

Isale lile lilihamishwa mara mbili kwenye madebe makubwa zaidi na sasa limeshapita kimo cha mtu. Na tarehe 6 Februari 1997, mafundi walifika katika duka la kona la Kasmir, wakauziba kwa matofali mlango wa Mtaa wa Mchikichi, na kutoboa mwingine kwenye ukuta wa pembeni, ambako hakuna kinachoonekana isipokuwa nyuma ya ghala.